Siku Niliyomfanya Dama Yatima

Nakumbuka Jumatatu moja pale Mambrui, mwanangu, Jumatatu niliyotenda wema wa kweli kutoka moyoni, na wema ule ukamtia mtoto wa watu msibani. Nikwambie mapema kwamba sikuwa mtu mbaya. Wabaya hujijua, na mara nyingine hujichunga. Sisi wema ndio tunaowakanyaga watu vidole huku tukitabasamu.

Juzi ulinipigia simu ukaniambia kwamba darasani kwako huko Muyeye umeletewa mtoto anayelelewa na watu wasio wazazi wake, hasemi, hachezi, na hujui umwanzie wapi. Ukataka nikupe dawa. Dawa sina. Nina kosa langu moja tu, nimeishi nalo zaidi ya miaka thelathini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hicho mimi nilikilalia, kwa hiyo keti unisikilize.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, suruali imepigwa pasi hadi ungeweza kuikatia mkate. Nikapewa darasa la tatu katika shule moja ya msingi pale Mambrui. Kwetu ni Malindi mjini, na mamangu alikuwa akiwaambia majirani kuwa mwanawe sasa ni mwalimu, kwa sauti ya mtu anayemtaja waziri. Nami nilimwamini. Kichwa kilinivimba, siwezi kukuficha.

Asubuhi hiyo akaja Bi Rehema. Alikuwa mama wa makamo, mshonaji wa kofia, mashuhuri mji mzima kwa sindano yake na kwa ulimi wake, na vyote viwili vilikuwa vikali. Alikuwa amemshika mkono mtoto wa kike wa miaka tisa, kichwa kimenyolewa upya, sare mpya ikimpwaya mabegani.

"Huyu yuaitwa Dama," akasema. "Ametoka Gongoni. Namlea mimi sasa. Chifu ana habari."

Nilimsalimu Bi Rehema salamu kamili kama ilivyo ada yetu. Shikamoo, habari za asubuhi, za nyumbani, mguu uliokuwa ukikusumbua waendeleaje, kisima kina maji, yule mbuzi aliyepotea alionekana? Alionekana, alhamdulillahi. Tukasalimiana hadi kengele ikalia. Nikamchukua mtoto, naye akaenda zake kwenye kofia zake.

Sasa sikiliza nilivyofikiri. Mtoto ametoka Gongoni, analelewa na mtu asiye nduguye, chifu ana habari. Basi huyu ni yatima. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajisadiki.

Gwarideni, mbele ya shule nzima, nikamsimamisha Dama kando yangu. "Watoto," nikasema, "huyu ni mwenzenu mgeni. Ni yatima. Mnayajua mafundisho yetu juu ya yatima. Mpendeni, na asiwepo wa kumwonea." Kisha nikampapasa kichwa taratibu, mara tatu, ili waone inavyofanywa. Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba anayempapasa yatima kichwa kwa huruma huandikiwa thawabu, na moyo wake hulainika. Mwalimu mmoja wa kike akatoa kitambaa akafuta machozi. Nami nikaingia darasani nikijiona niko mlangoni mwa pepo, nasubiri kubisha tu.

Ukweli nilikuja kuupata baadaye, lakini wewe nakupa sasa hivi ili tusipotezane njiani. Mama yake Dama alikuwa hai. Jina lake Kadzo. Alikuwa kibarua katika mashamba ya chumvi kule Gongoni, na kabla ya hapo aliwahi kupanga chumba kwa Bi Rehema, wakawa kama mtu na dada yake. Akashikwa na kifua kikuu, akalazwa Malindi katika wodi ambayo watoto hawaruhusiwi kuingia, na daktari akasema matibabu yatachukua miezi. Baba mtu alikuwa amekwenda zake tangu Dama hajaota meno. Kadzo akamkabidhi Bi Rehema mtoto mbele ya chifu, akamwambia, "Nishikie mwanangu mpaka nipone." Na Dama mwenyewe alikuwa ameambiwa wazi: mamako anaumwa, atapona, atakuja kukuchukua.

Basi mtoto alikuwa na mama, na alijua ana mama, mpaka mimi nilipofungua kinywa.

Utaniuliza, kwa nini asimwamini Bi Rehema? Hapo ndipo penye mambo yetu sisi watu wa pwani. Sisi hatumtupii mtu habari ya kifo usoni. Twaificha kwanza, twaivika nguo. Aliye safarini huambiwa, "Babako hajisikii vizuri, njoo umwone," akifika akuta watu wako matangani siku ya tatu. Dama alikuwa ameshayaona hayo. Babu yake alipofariki, naye aliambiwa babu anaumwa, atapona, na baada ya wiki mbili akaonyeshwa kaburi. Mtoto ana akili, mwanangu. Aliposikia kwa mwalimu kwamba ni yatima, na jioni nyumbani akaambiwa tena kwa sauti laini kuwa mamako anaumwa, atapona, akayaweka maneno hayo mawili pamoja. Mwalimu hadanganyi. Wa nyumbani ndio wanaoficha.

Hayo yote yakawa kichwani mwake, na juu ya kichwa hicho hicho ikaanza kazi ya thawabu. Watoto hawana dogo. Siku ya kwanza walimpapasa wawili watatu. Kufika Alhamisi, darasa zima. Akienda kunywa maji, mkono kichwani. Akisimama kujibu swali, wa nyuma ananyoosha mkono. Siku ya mtihani wa hesabu niliwakuta wamepanga mstari mlangoni, kila mmoja akitaka kumgusa kabla ya kuingia, kwani walikuwa wamesikia thawabu husaidia hata kwenye kugawanya. Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, nikaona watoto wa Mambrui wana imani. Dama alisimama pale kama nguzo, macho chini, akingoja wamalize.

Wanawake wa mtaani nao hawakuachwa nyuma. Ijumaa zikaja sahani za sadaka, mkate wa sinia, maandazi, tende. Dama alipokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, akasema ahsante, akavipeleka nyumbani asivile. Bi Rehema alipouliza vimetoka wapi, aliambiwa ni vya Ijumaa. Bi Rehema akadhani ni ukarimu wa shule tu, akawalisha kuku maandazi yaliyolala.

Wiki ya tatu mtoto alinijia mezani. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha bila kuulizwa. "Mwalimu," akasema, "mtu akifia hospitalini, nguo zake hupelekwa wapi?"

Ningekuwa na masikio, mwanangu, ningelia pale pale. Lakini nilikuwa na mdomo tu. Nikamwambia, "Swali zuri, Dama! Huletwa nyumbani kwa jamaa zake." Akasema ahsante mwalimu, akarudi kukaa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na mimi kwa muda wa wiki tatu nilikuwa nimejikwaa ulimi mara mbili bila hata kusikia maumivu.

Nguo za Kadzo kule hospitalini zilikuwa zikifuliwa na shoga yake wa kule chumvini, mwanamke anayeitwa Sidi, ambaye kila Jumapili alipanda gari kwenda Malindi kumwona. Jumapili moja Sidi hakwenda, kazi ilimbana. Bi Rehema akaenda mwenyewe, akarudi na furushi la nguo chafu. Jumatatu asubuhi, Dama alipokwisha kwenda shule, akazifua akazianika.

Saa saba mchana Dama akarudi nyumbani kula. Akasimama uani. Kambani aliiona leso ya mamake, ile yenye alama ya kuungua pembeni, ambayo Kadzo hakuwa akiivua labda kwa kulala. Wali wake ulikuwa umeshapakuliwa na kufunikwa. Hakuingia ndani. Akageuka akatoka.

Saa tisa Bi Rehema akaingia darasani kwangu bila hodi. "Mwalimu, mtoto yuko hapa? Hajala." Hakuwepo. Tukatoka kuuliza, na muuza makaa mmoja barabarani akatwambia amempita msichana mwenye sare akielekea upande wa Gongoni, peke yake, akienda haraka. Hapo ndipo Bi Rehema aliponiambia, kwa haraka, kwamba mamake Dama, Kadzo, yu hai, amelazwa Malindi, na kwamba kazi yake ilikuwa kule mashamba ya chumvi. Ile ni barabara kubwa, malori ya chumvi hayampishi mtu. Nikachukua baiskeli ya mwalimu mkuu bila kuomba, nikamwachia Bi Rehema kazi ya kutafuta mjini na ya kuomba dua.

Niliendesha huku nikisoma kila aya niliyoijua. Kila nilipoona kitu cheupe kando ya njia nilidhani ni shati la sare. Nilikuwa bado sijaelewa alikuwa akienda kutafuta nini, lakini nilijua kwamba mtoto huyo alikuwa darasani kwangu wiki nne, na mimi sikuweza kukisia hata jambo moja lililokuwa moyoni mwake.

Kabla sijafika mashambani nilisikia vilio.

Mwanangu, nikaiangusha baiskeli ya watu. Nilidhani gari limempiga. Nikakimbia kupita marundo ya chumvi, na huko nikakuta wanawake kama ishirini wameacha kazi, leso zilizokuwa viunoni ziko vichwani, wengine wameketi chini wakijipiga mapaja, na katikati yao Dama, mzima, mkavu wa macho, miguu mitupu imejaa matope meupe. Sidi alikuwa amemkumbatia akipiga mayowe: "Wiki moja tu! Wiki moja tu sikwenda, Kadzo, nawe ukaondoka!"

Nikauliza, nikaambiwa. Mtoto alifika, akawaamkia wote kwa adabu, kisha akawauliza, "Mamangu mmemzika wapi?" Na mtoto mwenye sare, ametembea peke yake toka Mambrui, nani angemtilia shaka? Msiba ukaanza pale pale. Kijana mmoja alikuwa ameshatumwa kwa ndugu zake Kadzo.

Nikapaza sauti. "Jamani, nyamazeni! Kadzo yu hai! Anaumwa tu, atapona!"

Walipolisikia hilo, vilio vikaongezeka maradufu. Bila shaka! Ndivyo habari za kifo zinavyoletwa. Mwalimu mzima ameendesha baiskeli hadi pale jasho likimtoka kuja kusema "anaumwa tu", sasa hapo nani asiyejua? Bibi mmoja akanishika mkono akaniambia kwa upole, "Pole, baba, twaelewa." Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyonipa pole. Na Dama alinitazama. Siku hiyo kwa mara ya kwanza alinitazama machoni, akasema, "Mwalimu, ni wewe uliyesema."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu.

Msimamizi wa mashamba, mtu wa maneno machache, ndiye aliyetuokoa. Akasema lori moja linaondoka kwenda Malindi, na kama huyo mama yuko hospitalini, hai au maiti, wende wakamwone. Tukapanda juu ya magunia, mimi na Dama na Sidi. Mambrui tukampakia Bi Rehema. Alinisikiliza nikimweleza, uso wake hausemi kitu. Tukavuka daraja la Sabaki, Sidi akilia polepole, maana yeye alikuwa bado hajaamini.

Hospitalini muuguzi wa zamu, mwanamke wa bara, alitusimamisha mlangoni. "Watoto hawaingii wodi hii."

"Mwanangu," Bi Rehema akamwambia, "huyu mtoto ametembea toka Mambrui hadi Gongoni akitafuta kaburi la mamake aliye hai."

Muuguzi akamtazama Dama tangu kichwani hadi miguuni. "Sheria inasema mtoto asiingie," akasema. "Hakuna sheria inayomkataza mama kutoka nje kuota jua."

Tukangoja uani. Kadzo akatoka barazani amejifunga shuka la hospitali, mwembamba, ameshika ukuta. Akasimama kule mwisho, mbali, kama alivyoagizwa. Dama akajificha nyuma ya Bi Rehema, akachungulia. Nadhani aliogopa kuamini kisha akanyang'anywa.

"We Dama!" Kadzo akaita kwa sauti iliyokwaruza. "Viatu viko wapi? Na hiyo sare ni ya shule ama umeenda kulima nayo?"

"Nimeviacha Gongoni," Dama akajibu.

Kisha akaketi chini kwenye mchanga akalia. Alilia kilio cha wiki nne, kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto mchanga. Kadzo hakuweza kumsogelea, alibaki pale juu akisema, "Niko, mama, niko. Nitazame. Niko." Sidi naye akalia upya, safari hii akicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya mwarobaini nikalia kama yeyote yule, na sioni haya kukwambia.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi kungoja gari la kurudi, Dama amelala mapajani mwake, Bi Rehema ndipo aliponifungulia kinywa. Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mwalimu, ile siku nilipomleta huyu, ulinisalimu?"

"Nilikusalimu, mama."

"Uliniuliza mguu wangu. Ukauliza kisima. Ukauliza na mbuzi, Mungu akubariki, mbuzi wangu ukamkumbuka. Sasa huyu binadamu niliyemshika mkono, uliniuliza ni wa nani? Mamake yuko wapi? Alala vipi, ala nini, aogopa nini?"

"Sikuuliza, mama."

"Na yeye mwenyewe ulimuuliza?"

Nikamtazama mtoto aliyelala mapajani mwake.

"Wewe ulitaka thawabu," akasema. "Ulimwona ni sahani ya futari, kila mtu achovye kidole. Sikiza, mwanangu. Wewe hukukusudia ubaya, najua, lakini umemfisha mtu aliye hai, na mtoto akakaa matanga ya mamake peke yake wiki nne nyumbani mwangu, mimi nashona kofia. Sote tumekosa. Ila mimi nitamwomba radhi jikoni, maana kosa langu ni la jikoni. Wewe ulilisema mbele ya bendera. Kalifute papo hapo uliposemea."

Nilijaribu kukwepa, nisikudanganye. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwomba ushauri, nikitarajia aniambie niache. Naye akanipa nilichotaka: "Achana nayo, Swaleh, watasahau. Mwalimu akijikosoa mbele ya watoto, kesho watampanda mabegani." Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na heshima ndiyo mali pekee niliyokuwa nayo.

Asubuhi kabla ya kengele nikamwita Dama kando. Nikamwomba radhi, yeye kwanza. Kisha nikamuuliza nilichopaswa kumuuliza wiki nne nyuma: "Wataka wenzako wajue nini juu yako?"

Akafikiri sana, akikwangua ukuta kwa kucha. "Mamangu anaumwa, yuko Malindi, nimemwona," akasema. "Na mimi najua kuruka kamba. Basi."

Nikasimama gwarideni na ile suruali yangu ya pasi, pale pale niliposimama mara ya kwanza. Nikasema, "Watoto, mwezi uliopita niliwaambia Dama ni yatima. Si kweli. Sikuuliza, nikasema nisilolijua. Mamake anaumwa, yuko Malindi, na Dama amemwona kwa macho yake. Tena ni hodari wa kuruka kamba. Mimi mwalimu wenu nilikosea, namtaka radhi mbele yenu."

Kisha mtoto mmoja wa darasa la pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa zile thawabu zetu tutazirudisha?"

Shule nzima ikaangua kicheko, walimu kwa wanafunzi, na nilipogeuka nikamwona Dama naye anacheka, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Sikuwahi kuona meno yake kabla ya hapo. Alikuwa na pengo la mbele.

Toka siku hiyo hakuna aliyemgusa kichwa. Lakini usidhani mambo yalinyooka mara moja. Kuna siku alikuwa akikaa akitazama dirishani, na nilijifunza kumwacha atazame kidogo kabla ya kumwita. Kila Jumapili Bi Rehema alimpeleka hospitalini, mama anaota jua barazani, mtoto uani, wanapiga soga kwa kupazana sauti hadi wagonjwa wengine wakazijua habari zote za darasa la tatu. Kazi ya nyumbani asipoifanya nilimkaripia kama wengine. Mara ya kwanza nilipomkaripia nilimwona anainua uso kwa mshangao, halafu akaifanya ile kazi, na akaifanya vizuri. Siku aliyogombana na Zuwena wa darasa lake kwa sababu ya zamu ya kamba, wakavutana, na Zuwena asimwachie kwa huruma hata chembe, ndiyo siku niliyomwambia Bi Rehema kwamba mtoto amefika shuleni.

Miezi minane ikapita. Mchana mmoja nafundisha, nikamwona mwanamke amesimama mlangoni, amenenepa kidogo, leso mpya, macho ya Dama. Akanitazama tangu viatuni hadi utosini.

"Hujambo, mwalimu," akasema. "Mimi ndiye yule marehemu wako."

Niliangusha chaki. Dama alipita juu ya madawati, nami sikumkaripia.

Wakaondoka wiki ile ile kurudi Gongoni, na mimi nikabaki na dawati tupu lililonisikitisha kuliko nilivyotarajia. Hilo nalo ujue: mtoto wa namna hii ukimpenda, mpende ukijua si wako. Siku mwenyewe akija kumchukua, msaidie kufunga mizigo.

Sasa mwanangu, huyo wako wa Muyeye. Muulize mlezi wake, usikisie. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni ule wangu wa kujijibu. Muulize na mtoto mwenyewe ni nini cha kuwaambia wenzake, na hicho ndicho ukiseme, usiongeze chumvi yako. Hadithi yake ni mali yake, wewe umeshikishwa tu. Usimpe jina la alichokikosa, maana mtoto hulivaa jina alilopewa na mwalimu hata likimbana. Kama ana mzazi popote pale, na sheria inaruhusu, fanya juu chini amwone, kwani macho humtuliza mtoto kuliko maneno yetu matamu. Akikuuliza swali la ajabu, usilisifu upesi. Kaa chini, umuulize kwa nini ameuliza. Na usimlee kwa huruma peke yake. Mwache agombee kamba, mwache akosee, mkaripie kwa haki. Ukikosea wewe, na utakosea, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini litengeneze pale pale ulipoliharibu, hata kama ni mbele ya bendera.

Wewe ni mwalimu bora kuliko nilivyokuwa mimi, maana umeuliza kabla ya kusema. Mola akupe ulimi mzito wa kutangaza na sikio jepesi la kusikia. Akuzidishie subira mwezi ukiwa mrefu na darasa likiwa na kelele. Na huyo mtoto aliyekaa kimya darasani kwako, Mungu amfungulie moyo wake kwa wakati wake, asubuhi moja umwite jina lake, jina lake tu basi, naye aitike kwa sauti. Amina.